Mto wazi, hesabu kali

Kila mwaka kati ya Machi na Aprili, mto Maumee katika jimbo la Ohio, Marekani, hujaa watu waliosimama ndani ya maji ya baridi kali. Wamevaa suruali za mpira zinazofika kifuani, upepo unawachapa usoni, mikononi wameshika fimbo za kuvulia. Wanamfuata wolai, samaki mla nyama anayeishi Ziwa Erie na kupanda mtoni kutaga maji yanapofikia nyuzijoto 6 hadi 10 hivi. Kwa msomaji aliyelelewa na kauli kwamba samaki anayezaa aachwe azae, habari hii inaudhi. Nchi yenye sheria nyingi kama Marekani inaruhusuje samaki avuliwe akiwa njiani kwenda kutaga? Mimi naona Ohio haijakosea, na kinachoifanya isikosee ndicho tunachokisahau kila tunapojadili kufunga maziwa na mito yetu.

Uvuvi wenyewe ni wa taabu. Katika maji ya baridi wolai hana haraka ya kukimbiza chakula. Hulala karibu na sakafu ya mto, nyuma ya mawe, mahali ambapo mkondo umepungua nguvu. Mvuvi hana budi kukishusha chambo mpaka chini, kwa chubwi yenye uzito wa kutosha kushinda mkondo, lakini isiwe nzito kiasi cha kunasa kwenye miamba. Upepo ukivuma, mshipi hupinda na mvuvi hasikii samaki anapogusa. Upepo wa kusini-magharibi ukikaza, husukuma maji ya Ziwa Erie kuelekea mashariki, na sehemu ya chini ya Maumee hupungua kina. Ukigeuka kaskazini-mashariki, ziwa huurudishia mto maji yake. Juu ya shida hizo zipo sheria. Ndoana ni moja tu, si ile ya ncha tatu. Kuvua ni mchana peke yake. Samaki aliye chini ya sentimita 38 anarudishwa, na aliyenaswa mgongoni au tumboni badala ya mdomoni anarudishwa hata akiwa mkubwa namna gani. Kanuni hii ya mwisho haikutungwa bure: samaki wanapojazana, wapo watu wanaoburuta ndoana katikati yao ili wamkwaruze yeyote atakayepita. Idadi anayoruhusiwa mtu mmoja kwa siku nayo imewekewa ukomo, na imewahi kupunguzwa kwa miezi hiyo miwili ya kutaga.

Hata hivyo, sheria za mtoni ni mkia tu wa jambo lenyewe. Mwaka 1970 uvuvi wa kibiashara wa wolai upande wa magharibi wa Ziwa Erie ulisimamishwa baada ya zebaki kugunduliwa katika samaki, na ziwa lenyewe lilikuwa limechafuka vibaya. Tangu 1976, Ohio, Michigan na jimbo la Ontario la Kanada hukaa pamoja chini ya Kamisheni ya Uvuvi ya Maziwa Makuu na kukubaliana ni wolai wangapi wanaweza kutolewa ziwani mwaka huo. Kiwango hicho huhesabiwa kwa samaki, si kwa tani, kisha kila upande hupewa fungu lake kwa kadiri ya eneo la maji linalomfaa wolai. Ohio hupata kama nusu, Ontario zaidi kidogo ya asilimia 40, na Michigan salio. Anayevuliwa kwa fimbo Maumee na anayenaswa kwa wavu wa biashara Ontario wote wanaingia katika daftari moja. Daftari hilo halina huruma. Mwaka 2004 kiwango kilishushwa hadi samaki milioni 2.4 kwa sababu vizazi vilivyotangulia vilikuwa dhaifu. Mwaka 2006, vifaranga wengi wa 2003 walipokuwa wamekua, kikapandishwa kukaribia milioni 10. Muda wote huo mto haukufungwa.

Atasema mtu: jike mmoja wa wolai anaweza kubeba mayai laki kadhaa, kumuua siku chache kabla hajataga ni kuua laki hizo zote. Hoja hii inagusa moyo, lakini ina tundu. Jike aliyevuliwa Agosti naye hatataga Aprili inayofuata, ila tu kifo chake hakituonyeshi tumbo lililojaa. Kwa uzao wa ziwa, uzito uko kwenye idadi ya majike wanaobaki kila mwaka, na si kwenye mwezi waliokufa wenzao. Zaidi ya hapo, wolai hutawanya mayai juu ya changarawe na kuondoka, hayalindi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1975, wanasayansi waliofuatilia vizazi vya wolai vya 1960 hadi 1970 upande wa magharibi wa Erie waligundua kwamba nguvu ya kizazi ilitegemea sana kasi ya maji kupata joto katika majira ya kuchipua. Maji yakichelewa kupata joto, mayai hukaa muda mrefu zaidi yakingoja dhoruba iyang'oe na kuyafukia kwa tope. Majike wengi wakikutana na Aprili mbaya huacha kizazi kidogo. Nakiri kwamba Ohio imebahatika kupata miaka mizuri kama 2003 na 2015. Lakini bahati humfaa aliyeacha wazazi wa kutosha ziwani.

Jaribio gumu zaidi la hoja hii lilifanyika Wisconsin, tena bila mtu kulipanga. Mwaka 1983 mahakama ya shirikisho ilithibitisha kwamba Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, bado wana haki, kwa mikataba ya 1837 na 1842, ya kuvua katika ardhi waliyoikabidhi, pamoja na kumchoma wolai kwa mkuki usiku wakati wa kutaga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wazungu wenye hasira walikusanyika kwenye vituo vya mashua, wakawatukana na kuwarushia mawe, wakidai ziwa linamalizwa. Kumbe hakuna uvuvi uliokuwa ukihesabiwa kwa makini kuliko huo: kila ziwa na kiwango chake, kila usiku na kibali chake, na kila samaki akishuka nchi kavu anahesabiwa na karani. Ripoti ya serikali kuu ya 1991 ikasema uvuvi huo haukuwa umewadhuru wolai. Linganisha na Red Lake, Minnesota. Jimbo hilo hufunga uvuvi wa wolai wakati wa kutaga, na bado samaki wa ziwa hilo waliporomoka kufikia katikati ya miaka ya 1990, kwa kuwa jumla iliyotolewa miezi mingine, kwa halali na kwa magendo, ilizidi uwezo wao. Ikabidi pande zote ziache kabisa, vifaranga wapandikizwe, na uvuvi usirudi mpaka 2006, safari hii kwa kiwango. Kufunga kabisa hapo kulikuwa dawa ya mgonjwa mahututi. Siipingi. Ninachosema ni kwamba msimu wa kufunga peke yake haukumzuia asifike hali hiyo.

Mambo haya si mageni kwetu. Ningu wa Ziwa Victoria alikuwa na desturi ileile ya wolai: mvua zikinyesha, alipanda Nzoia, Kagera na mito mingine kutaga. Wenyeji walimvua njiani kwa mitego yao vizazi na vizazi, na aliendelea kupanda. Kilichommaliza ni nyavu za makila zilizoingia ziwani mwanzoni mwa karne ya 20, zikaja kutegwa midomoni mwa mito bila yeyote kujua ni wangapi wamenaswa na wangapi wamepita. Kabla sangara hajaanza kulaumiwa kwa kila kitu, uvuvi wa ningu ulikuwa umeshaanguka. Mtego wa mtoni na wavu wa mdomoni vilimvua samaki yuleyule, majira yaleyale. Tofauti ilikuwa sehemu ya kundi iliyochukuliwa.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la uwezo. Ohio ina maofisa, maboti ya utafiti na bajeti. Mwalo wa Kagera una mizani moja na karani mmoja, wakiwapo. Nakubali, na ndiyo maana sikushangaa Tanzania ilipositisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Asiyeweza kuhesabu afunge, ndiyo tahadhari iliyobaki. Lakini kufunga nako kuna bei, na anayeilipa ni mama anayekaanga dagaa na kijana wa mtumbwini, si ofisa aliyesaini tangazo. Mtu aliyekaa miezi mitatu bila kipato ana haki ya kuonyeshwa kwa tarakimu kilichoongezeka ziwani. Na kuhesabu si lazima kuanze na meli ya utafiti. Vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vipo tayari mialoni, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililoko Jinja limekuwa likiratibu sensa ya mitumbwi na nyavu tangu 2000. Wizara za uvuvi za Kenya, Uganda na Tanzania zianze na ningu mmoja huyu na mito michache: kabla ya masika yajayo, kila mwalo ulio mdomoni mwa mto uwe na daftari la idadi, urefu na jinsia, na jumla yake ibandikwe ukutani mwa mwalo kila mwezi ili wavuvi waisome kabla ya mtu yeyote Dodoma, Nairobi au Kampala.