Usingizi wa dukani

Jumanne jioni, duka la dawa hapa Geita mjini. Kijana mchimbaji mwenye tope la duarani kwenye mabuti akainama dirishani: "Dada, nipatie zile za usingizi." Hakuulizwa cheti cha daktari. Mkasi ukapita kwenye karatasi ya diazepam, vidonge vitano vikaingia kwenye kibahasha kisichoandikwa kitu, chenji ikarudi. Biashara imekwisha.

Diazepam ni dawa njema mahali pake. Inakata degedege, inalegeza misuli, inamshusha mtu mwenye hofu kali. Waswisi wa Roche waliiingiza sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, na wazee wengi wanaijua kwa jina hilo hadi leo. Lakini ukiimeza wiki baada ya wiki mwili unaizoea, na ukiiacha ghafla usingizi unakimbia kuliko mwanzo. Wengine huanguka kifafa. Ukiishushia na gongo, pumzi inaweza kukatika. Tena haiishi mwilini kwa usiku mmoja. Kesho yake kijana anashuka duarani akiwa bado na kichwa kizito, na wenzake wanaishika kamba hiyo hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyemuuliza kwa nini halali. Huku kwetu watu wanachoma dhahabu kwa zebaki nyuma ya nyumba, mvuke unapanda usoni. Mvuke huo ukizidi mwilini mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua, mtu huwa mwepesi wa hasira, na usingizi hupotea. Kijiji cha Rwamgasa kilikuwa kati ya maeneo ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki katika miaka ya 2000, kwa hiyo habari hii si ngeni mkoani. Mtu wa namna hiyo apimwe mkojo na atolewe kwenye moshi. Ukimpa kidonge tu, umemnyamazisha, na sumu inaendelea kuingia.

*

Muziki wa harusi saa nane usiku, ukuta kwa ukuta na wodi ya wazazi. Nani alitoa kibali?

*

Mihadarati. Wakenya wanalipenda neno hili kuliko sisi. Sheria yetu ya 2015 inasema "dawa za kulevya". Asili yake ni Kiarabu, mzizi wa kufa ganzi, kwa hiyo linazifaa sana zile za kulaza na kutuliza. Siku hizi hata mirungi, inayomkesheza mtu, imo humo humo. Mkanganyiko huu una wahanga. Namjua mama aliyemficha mwanawe vidonge vya hospitali, vilivyokuwa vinamtuliza kweli, kwa kuwa jirani alimwambia ni madawa ya kulevya. Kijana alirudi kuongea na kuta. Jirani huyo huyo, akikosa usingizi, hununua vya kwenye kibahasha bila wasiwasi wowote.

*

Na wingi wa "dawa" ni "dawa", si "madawa". Nitalisema mpaka magazeti yachoke.

*

Kwa wanaokagua maduka ya dawa: njooni jioni. Asubuhi kila dirisha lina adabu, na wachimbaji bado wako chini.