Hii ya kuuza au ya kwetu?

Nyumbani kwa mpiga picha mmoja wa Mabatini, jijini Mwanza, binti wa miaka tisa alishazoea kuuliza swali lile lile kila baba yake alipotoa kamera kwenye begi: "Baba, hii ya kuuza au ya kwetu?"

Ya kuuza ilikuwa na masharti. Fulana isiyo na nembo, kwa sababu maghala ya picha ya mtandaoni hukataa picha ya matangazo yenye alama ya biashara ya mtu mwingine. Daftari jipya mkononi. Meno nje. "Tabasamu tena, mama. Tena."

Ya kwetu ilipigwa mara moja tu kwa mwaka, siku ya kuzaliwa, juu ya jiwe moja nyuma ya nyumba (na Mwanza mawe hayakosekani). Siku hiyo mtoto huvaa anachotaka, na akitaka kununa anune.

Baba hakuingia kwenye maghala hayo kwa tamaa. Pasipoti saizi, kipaimara na send-off haziji kila wiki, ada haisubiri. Lakini malipo ni madogo: tangu Juni 2020, kwa Shutterstock, picha moja ikipakuliwa mpigaji anaweza kupata senti 10 tu za Marekani. Ili senti zikusanyike zinahitajika picha nyingi, tena kila mara. Ndiyo maana Jumapili baada ya ibada wenzake walikuwa wakiruka kamba, yeye ameshika daftari.

Kugawa kazi ya mkate na kazi ya moyo si jambo geni kwetu. Mohamed Amin, Mkenya aliyeanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, aliishi kwa picha za habari, lakini akapata nafasi ya kutengeneza kitabu chake cha picha za hija ya Makka, kilichotoka 1978. Tofauti ya Mabatini ni kwamba hapa kazi ya moyo ina uso wa mtoto.

Mwaka huu picha ya jiweni ilitoka vizuri kuliko zote. Upepo wa ziwani umeinua gauni, mabati ya mtaa yanang'aa nyuma, mtoto amekaza macho. Baba alijua ingeuzika. Picha ya matangazo yenye uso wa mtoto hudai fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mzazi, na mzazi ni yeye. Mkewe alikuwa uani anachambua dagaa. "Anayesaini ni mpiga picha au ni baba yake?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

Swali lilikuwa na uzito. Picha inaweza kuondolewa ghalani, lakini aliyekwisha kuinunua anaendelea kuitumia kwa mujibu wa leseni yake, iwe kwenye bango la benki au tangazo la sabuni, katika nchi ambayo familia haitafika. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Na mtoto wa miaka tisa akisema "sawa baba", mara nyingi anamfurahisha baba tu.

Walikubaliana hivi: picha za kuuza za binti ni Jumamosi moja kwa mwezi, akitaka mwenyewe, na kinachopatikana kinanunua vifaa vyake vya shule. Siku nyingine baba anapiga nyavu, mitumbwi, dagaa walioanikwa, mikono ya mkewe ikikanda unga wa maandazi. Jiwe haliuzwi.

Picha ya tisa imesafishwa, ikawekwa kwenye albamu kabatini, chini ya vitenge vya mama. Binti aliitazama muda mrefu, akasema amenuna mno, na mwakani atavaa viatu vya kaka yake.