Je, Waingereza Wana Adabu Kuliko Sisi?

Akina mama wenzetu, mwezi huu tunaanza na kutoelewana kudogo kulikotokea nyumbani kwetu Dodoma miaka michache iliyopita. Tulikuwa tumempokea binti wa Kiingereza aliyekuja kufundisha kwa kujitolea, akakaa nasi majuma sita. Kabla hajafika, kila jirani alituambia tuna bahati, maana Waingereza ni watu wenye adabu sana. Na kweli, siku ya kwanza tu alisema "tafadhali" na "asante" mara nyingi kuliko sisi sote tunavyosema kwa mwezi mzima. Akipewa maji, asante. Akipewa kijiko, asante. Akipishwa mlangoni, samahani na asante pamoja. Watoto wakaanza kuhesabu kwa vidole.

Siku ya tatu Bibi, yaani mama mkwe wetu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Hombolo, alituita pembeni. "Huyu mgeni wenu amekasirishwa na nani?" Alikuwa amekaa barazani tangu alfajiri. Binti akatoka chumbani na taulo begani, akapita mbele yake, akatabasamu kidogo na kwenda zake bafuni. Hakusimama wala hakusalimu. Kwa Bibi, mtu anayempita mzee asubuhi kimya namna hiyo ama ana kinyongo, ama hakufunzwa kwao.

Tulipomweleza binti, uso ulimwiva na machozi yakamlengalenga. Alisema kwao mtu aliyekaa peke yake asubuhi akitazama uani huachwa na mawazo yake. Kumsemesha ni kumsumbua. Kumbe muda wote ule alikuwa akimheshimu Bibi, tena kwa bidii!

Basi tukajiuliza, hawa Waingereza wanaostahili sifa ya adabu dunia nzima, sifa hiyo ni ya haki au ni ya kusikia tu?

Wako wataalamu wawili, Penelope Brown na Stephen Levinson, ambao mwaka 1987 walichapisha kitabu juu ya adabu katika lugha za watu mbalimbali. Kwa maneno yetu ya jikoni, wanasema adabu ina njia mbili. Iko adabu ya kumsogelea mwenzako, umwonyeshe kwamba yeye ni wako. Na iko adabu ya kukaa mbali kidogo, umwonyeshe kwamba hutaki kumwingilia. Kila taifa hutumia zote mbili, lakini Mwingereza hutegemea zaidi hiyo ya pili. Ndiyo maana haombi chumvi waziwazi, bali anauliza kama ingewezekana, endapo si usumbufu, asogezewe. Kila neno analoongeza ni hatua moja nyuma, asije akakukanyaga.

Sisi huku tumelelewa katika ile ya kwanza. Mgogo husema "mbukwa" kwa mtu mmoja na "mbukwenyi" kwa wengi, na hilo ni lango tu. Baada ya hapo yaulizwa mambo ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, ya mgonjwa aliyeachwa nyumbani. Mama anayetoka soko la Majengo na kikapu kizito kichwani husimama juani mpaka salamu ziishe. Haulizi kama ana haraka. Haraka aliyo nayo ndiyo inayoifanya salamu iwe na thamani.

Wageni husema Waswahili hatuna "tafadhali". Neno tunalo, ila tunalitumia kwa nadra, kwa sababu adabu yetu imekaa ndani ya kitenzi chenyewe. "Lete maji" ni amri. "Uniletee maji" imelainika. "Naomba unisaidie maji" imelainika zaidi, na hapo hujataja "tafadhali" hata mara moja. Mgeni anayetafsiri neno kwa neno husikia maombi yasiyo na heshima, kumbe heshima imepita mbele ya masikio yake kama yule binti alivyopita mbele ya Bibi.

Neno lingine lililotuletea kicheko nyumbani ni "pole". Binti alijikwaa kwenye ngazi ya jiko na watu watatu wakasema pole kwa pamoja. Akashangaa: "Lakini si ninyi mlioniangusha!" Kiingereza hakina neno la namna hiyo. Hilo lao la karibu huombea radhi kosa, nalo wanalitoa kwa wingi. Mwaka 2004 mtafiti wa Kiingereza, Kate Fox, alitoa kitabu juu ya tabia za wenzake, naye anasimulia jinsi alivyokuwa akiwagonga watu makusudi ili asikie watasema nini. Wengi wao, waliogongwa wakiwa hawana kosa lolote, ndio waliosema samahani. Tukubali kwamba hiyo si adabu ndogo. Jaribuni kumgonga mtu kituo cha daladala.

Hata hivyo tusiwafanye malaika. Mwaka 1985, huko Brussels katika uwanja wa Heysel, watu 39 walikufa baada ya mashabiki wa Liverpool kuwavamia wa Juventus, na klabu za Uingereza zikafungiwa miaka mitano kucheza mashindano ya Ulaya. Hao nao walikuwa wana wa mama waliowafundisha kusema tafadhali.

Lakini fujo za mpira si jambo zito zaidi. La kuuliza zaidi ni adabu ya Mwingereza ilitolewa kwa nani, na ilikomea wapi. Mwaka 1902 Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, alikwenda London pamoja na katibu wake Ham Mukasa kwa ajili ya kutawazwa Mfalme Edward wa Saba. Mukasa aliandika kitabu kizima juu ya safari ile. Walipokewa kama wageni wa heshima hata mbele ya mfalme. Mwaka 1931 Martin Kayamba, karani wa kutoka Tanganyika, alikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya kuunganisha nchi za Afrika Mashariki, na habari za maisha yake zikachapishwa mwaka 1936 katika kitabu cha Margery Perham. Huko London, mtu mweusi aliketi na wabunge wakamsikiliza.

Huku kwetu mambo yalikuwa mengine. Katika miji yetu watu walipangwa kwa rangi, na hapa Dodoma majina ya Uzunguni na Uhindini yanatukumbusha hadi leo nani alikaa wapi. Mtumishi wa nyumbani, hata akiwa na mvi na wajukuu, aliitwa "boi", neno ambalo kwao ni la mtoto wa kiume. Mwaka 1936 huohuo F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kufundisha Kiswahili cha bara kwa askari, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Kiswahili cha walowezi, ambacho Kenya kiliitwa Kisetla, kilijaa amri tupu: lete, weka, ondoa. Bibi yuleyule aliyemwambia mgeni wake "kama si usumbufu" aligeuka na kumwambia mpishi "lete chai". Hakuwa amesahau adabu. Aliiweka kabatini pamoja na vikombe vizuri.

(Tuseme haki pia. Wazungu wengi wa misheni ambao wazee wa Ugogo wanawataja kwa mapenzi, wakiwaita Waingereza, walikuwa Waaustralia. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927, askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia na wengi waliomfuata pia. Kwa hiyo sifa nyingine tumeipeleka nyumba siyo.)

Na tena adabu yaweza kufunga mlango vizuri kuliko matusi. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda, Halmashauri ya Jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus. Halikutukana mtu. Liliwashauri, kwa faida yao wenyewe na ya familia zao, wasiende Leicester. Hebu fikirini mama aliyepewa siku 90 kuondoka, ana watoto na sanduku moja, anasoma ushauri mpole kama ule. Wengi walikwenda hivyohivyo. Waliposhuka uwanja wa ndege wa Stansted, miongoni mwa waliowapokea walikuwa akina mama wa Kiingereza wa kujitolea, wenye nguo za baridi na chai. Wale wa tangazo na wale wa chai walikuwa taifa moja, katika mwezi mmoja, na sisi hatuwezi kuwahukumu wote kwa kikombe kimoja.

Tulikuwa tumefika hapo katika mazungumzo yetu, mimba ya ushindi imekwisha kutunga, tukiwa tayari kusema kwamba adabu yetu ni ya moyoni na yao ni ya mdomoni. Kisha siku ya binti kuondoka ikafika.

Bibi alimpa kuku na kumwombea safari njema, maana tangu ile siku ya tatu binti alikuwa akipiga magoti kumwamkia kila asubuhi, akizidisha hata. Watoto walilia kidogo. Lakini aliyelia mpaka akashindwa kuosha vyombo alikuwa msichana wetu wa kazi. Alitoka kijiji kimoja cha upande wa Kondoa, alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa nasi mwaka wa pili. Tulidhani analilia zawadi. Tulipomwuliza, alijibu akitazama sakafu: "Yule dada alikuwa ananiomba."

Hatukuelewa mara moja. Akaeleza. Dada akitaka maji ya kuoga, anamwomba. Akiletewa, anamtaja jina na kumshukuru. Usiku akipita jikoni, anamtakia usingizi mwema. Hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo tangu aanze kazi za nyumba za watu, kwetu wala kule Dar es Salaam alikotangulia.

Akina mama, tulikaa kwenye kiti tukakumbuka siku moja tu, hiyo ya jana yake. "Lete sufuria." "Ondoa hapa." "Hujasikia mlango?" Sisi wenye "naomba unisaidie" kwa muuza nyanya, wenye pole kwa mgeni aliyejikwaa, tuliosimama juani dakika kumi kuulizia ng'ombe wa jirani! Hatukumbuki kama asubuhi ile tulimwuliza ameamkaje. Yeye ndiye anayetuamkia, nasi tunaitikia "marahaba" huku tukifungua kabati. Tulikuwa tumewacheka Waingereza kwa neno "boi", na mezani kwetu binti wa watu alikuwa na jina zuri alilopewa na baba yake, nasi kwa wageni tukimtaja kama "hausigeli".

Hatukufanya kikao. Asubuhi iliyofuata tuliingia jikoni mapema, tukamkuta anapuliza moto. Tukamwita kwa jina lake, tukamwuliza ameamkaje, kisha tukasema polepole, kama mtu anayejifunza lugha ngeni, "Naomba unisaidie chai, mwanangu."

Akasimama wima. Kipande cha kuni kikamdondoka mkononi.

"Mama," akasema, "nimekosa nini?"