Risasi ilitoka barabarani, mbona ingali angani?

MNAMO Agosti 30, 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Gigiri jijini Nairobi, lilitangaza kwamba enzi ya petroli yenye madini ya risasi ilikuwa imefikia kikomo. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuwauzia wenye magari petroli hiyo, ilikuwa imeacha mwezi mmoja kabla.

Ilikuwa habari njema, na Afrika ilikuwa na haki ya kujivunia. Mataifa ya kusini mwa Sahara yalikuwa yameafikiana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli hiyo, na kufikia Januari 2006, Kenya na jirani zake walikuwa wametimiza ahadi.

Hata hivyo, tangazo lile lilihusu magari peke yake. Kusini mwa jiji hilo hilo, katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, ndege ndogo za injini za pistoni zingali zinajazwa mafuta yenye risasi, na moshi wake hutua katika mitaa iliyo jirani. Kipande hiki cha kazi kilichosalia ndicho kigumu zaidi, na wenye uamuzi mkubwa kukihusu hawako Nairobi.

Mafuta hayo huitwa Avgas 100LL na hutiwa rangi ya samawati ili yasichanganywe na mengine. Herufi LL humaanisha kwamba yana risasi kidogo. Lakini "kidogo" hapo ni kwa kulinganishwa na mafuta ya ndege ya zamani, kwani kanuni zinaruhusu hadi gramu 0.56 katika kila lita. Uingereza iliwekea petroli ya magari kikomo cha gramu 0.15 kwa lita tangu katikati ya miaka ya 1980, na hata hicho kikaonekana kuwa kingi mno.

Ndege aina ya Cessna 172, ambayo marubani wengi duniani hujifunzia, hutumia lita 30 hadi 35 kwa saa. Kwa kipimo hicho cha juu kabisa, saa moja angani yaweza kumwaga takriban gramu 18 za risasi. Mwanafunzi anayefanya mazoezi ya kupaa na kutua huzunguka juu ya mitaa ile ile, mara kumi au zaidi kwa siku moja.

Ikumbukwe kwamba si kila ndege inayopaa Wilson yahusika. Zile kubwa kidogo zinazopeleka watalii Maasai Mara, kama vile Cessna Caravan, hutumia mafuta ya jeti ambayo hayana risasi. Wahusika ni ndege za shule za urubani, za watu binafsi na za kazi maalumu, zikiwemo ndogo ambazo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hutumia kuwasaka majangili.

Kwa nini basi risasi haijaondolewa? Jibu limo ndani ya injini zenyewe. Nyingi zimetokana na michoro ya miaka ya 1950. Hupozwa kwa upepo na hazina mitambo ya kielektroniki ya kurekebisha mwako. Mafuta yasiyo na nguvu ya kutosha hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati, injini hugonga, na pistoni huweza kutoboka kwa dakika chache. Risasi huzuia mlipuko huo.

Dereva ambaye injini imemfia huegesha gari kando ya barabara. Rubani hana pa kuegesha. Ndiyo maana wamiliki wa ndege hutilia shaka kila mafuta mapya, na mwenye kuwaita wakaidi hawatendei haki.

Aidha, mwenye ndege ndogo si lazima awe tajiri wa kutupa pesa. Ndege ikae bandani, irushwe isirushwe, bima ni lazima, ada ya maegesho ni lazima na ukaguzi wa kila mwaka ni lazima. Oili hubadilishwa kwa desturi kila baada ya saa 50 angani. Kampuni ya Lycoming hupendekeza kwamba injini zake nyingi zifunguliwe na kukarabatiwa upya baada ya saa 2,000 au miaka 12. Shule ya urubani inayoendeshwa kwa faida finyu haiwezi kuibeba gharama ya kosa moja.

Lakini risasi nayo ina gharama yake kwenye injini hiyo hiyo. Huganda kwenye plagi hadi zikashindwa kutoa cheche, na masalia yake huchafua oili. Fundi hulazimika kuzikwangua plagi mara kwa mara. Kwa hivyo mafuta safi yatampunguzia mwenye ndege baadhi ya kazi, mradi tu injini yake iyakubali.

Gharama kubwa zaidi iko nje ya uwanja. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huumia zaidi, kwa kuwa madini hayo hudhuru ubongo unaokua, na athari hiyo haiponyeki.

Katika kaunti ya Santa Clara, jimbo la California nchini Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watoto walioishi karibu na uwanja mdogo wa Reid-Hillview walikuwa na risasi nyingi zaidi katika damu kuliko walioishi mbali. Kaunti hiyo ilipiga marufuku uuzaji wa mafuta hayo katika viwanja vyake kuanzia Januari 1, 2022.

Wakenya hawahitaji kwenda California kuijua risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Wilson si Owino Uhuru, na ndege chache haziwezi kulinganishwa na tanuri la betri. Hata hivyo, kisa hicho kilifunza kwamba aliyeachwa bila kupimwa leo hudai fidia kesho.

Huko ng'ambo, mageuzi yameanza kwa kusuasua. Septemba 2022, Mamlaka ya Usafiri wa Angani ya Marekani (FAA) iliidhinisha mafuta yasiyo na risasi aina ya G100UL kwa injini zote za pistoni zinazowashwa kwa plagi. Sheria ya mwaka 2024 nchini humo inalenga kuachana na 100LL kufikia mwisho wa 2030, ila jimbo la Alaska lilipewa miaka miwili zaidi.

Safari haijawa laini. Chuo Kikuu cha North Dakota, chenye mojawapo ya shule kubwa za urubani Marekani, kilihamia mafuta mengine yasiyo na risasi mwaka 2023. Miezi michache baadaye kikarejea kwa yale ya zamani, baada ya mafundi kugundua kwamba vikalio vya valvu vilikuwa vikilika. Nayo G100UL ililalamikiwa na baadhi ya wamiliki kwamba huharibu rangi ya ndege.

Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 1, 2025, kemikali ya risasi haiwezi kuchanganywa katika mafuta bila kibali maalumu. Zaidi ya hayo, chanzo chake kikuu kwa nchi za Magharibi ni kiwanda kimoja tu, cha kampuni ya Innospec huko Ellesmere Port, Uingereza. Siku kiwanda hicho kitakapofunga mlango, mjadala utakuwa umekwisha, Nairobi ikiwa tayari au la.

Hapo ndipo penye hatari kwa Kenya. Nchi inaagiza ndege, injini na Avgas kutoka nje. Ikingoja tu, itaamka siku moja na kukuta mafuta ya zamani yameadimika na mapya hayajaidhinishwa. Wa kwanza kutua chini watakuwa wanafunzi wa urubani, ambao ndio marubani wa kesho wa mashirika makubwa.

Hatua za kuchukua zinajulikana. Serikali ipime risasi katika hewa, udongo na damu za watoto wa maeneo yanayopakana na Wilson, na matokeo yatangazwe hadharani. Mamlaka ya Usafiri wa Angani nchini (KCAA) itoe ratiba na kueleza ni vibali vipi vya ng'ambo itakavyovitambua, na kwa injini zipi.

Nao wamiliki wasisubiri amri. Ndege kadhaa za zamani zenye injini za nguvu ndogo zaweza kutumia mafuta yasiyo na risasi ya daraja la chini, yaliyouzwa Ulaya kwa miaka mingi. Anayenunua ndege mpya ana hiari ya injini ya Rotax 912 kutoka Austria, inayokubali petroli ya kawaida, au injini ya dizeli inayotumia mafuta yale yale ya jeti yaliyojaa tele Wilson.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kenya iliuziba ufa huu barabarani miaka 15 kabla ya ulimwengu kumaliza kazi hiyo. Mtoto anayecheza Kibra au Lang'ata hajui kama moshi alioupumua umetoka kwenye matatu au kwenye Cessna, na mwili wake hautofautishi.