Programu Yako Haijafika Mpaka Ifike Ogwedhi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. La, sijaacha. Nilikuwa na aibu. Leo naitoa hadharani, kisha nawagombeza wenzangu wa fani hii, maana kosa nililofanya mimi ndilo tunalolifanya wote kila siku, tena kwa majivuno.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwetu Ogwedhi, kaunti ya Migori, kuna kikundi cha wakulima wa mahindi. Wanaweka akiba kwa M-Pesa, wanauza mahindi pamoja, wanakopeshana. Mweka hazina wao ni mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu shule ya msingi. Alikuwa amechoka kujumlisha daftari kwa mkono, akaniomba nimsaidie. Nikamwandikia programu ndogo ya mstari wa amri, nikaiita "debe". Kwa wasiozijua programu za aina hii: hazina vitufe wala picha. Unafungua ile skrini nyeusi, unaandika jina la programu na jina la faili lako, nayo inakujibu kwa maandishi. Ni nyepesi, hata kompyuta mzee inaziweza. Debe inasoma jedwali la michango na kutoa salio la kila mwanachama. Basi.

Niliiandika kwa Python, nikiwa Nairobi, kwenye laptopu mpya yenye intaneti ya ofisi. Kisha nikamtumia ujumbe: "Mwalimu, pakua Python, sakinisha, halafu andika amri hii moja tu."

Amri moja tu! Jamani.

Mwalimu akapanda bodaboda hadi saiba. Kompyuta ya pale ni Windows 7. Akanunua bando, akapakua kisakinishi cha Python, megabaiti ishirini na kitu, nacho kikakataa kata kata. Tangu toleo la 3.9 lililotoka Oktoba 2020, Python haifanyi kazi kwenye Windows 7. Mimi, mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, sikukumbuka hilo. Yeye akadhani faili limeharibika njiani, akapakua tena. Bando likaisha. Hata kama Python ingekubali, programu yangu ilihitaji maktaba nyingine zenye makumi ya megabaiti, kwa sababu nilikuwa mvivu wa kuandika mistari michache ya kujumlisha mwenyewe.

Jumapili ikafika, mkutano wa kikundi ukakaa, ripoti hakuna. Mmoja akauliza hesabu ziko wapi. Mwingine akajibu kwamba zimeliwa. Watu wakacheka, lakini mnajua kicheko cha namna hiyo kwenye kikao cha pesa. Mzee aliyefundisha nusu ya watu waliokaa pale, akatazamwa kama mwizi, kwa sababu ya uvivu wangu wa kufungasha programu.

Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia, "Nyathina, nilikuomba jembe. Ukaniletea barua ya kwenda kuchukua jembe Kisumu."

Sina la kuongeza hapo. Sasa tugombane.

Wenzangu, tukishaandika programu tunaona kazi imekwisha. Kuifungasha na kuifikisha kwa mtu tunakuona kazi ya chini, ya kufanywa Ijumaa jioni. Fungua ukurasa wa programu yoyote ya mstari wa amri utakuta maelekezo ni yale yale: sakinisha lugha fulani, sakinisha kifungashi fulani, kisha andika amri moja. Wengine wanakuambia uwe na Docker kwanza, yaani upakue vipande vya mfumo mzima ili uendeshe kitu kidogo kuliko picha ya WhatsApp. Hiyo "amri moja" ni moja kwenye mashine yako wewe. Kwa mwenzako ni bando mbili, nauli, na siku nzima.

Tena hatuna kisingizio, maana waliotutangulia walilijua hili. Mwaka 2005 mradi wa Ubuntu ulianza kutuma CD za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, na ukaendelea hadi 2011. Walielewa kwamba kuna watu wasioweza kupakua megabaiti 700, wakazifunga, wakazipeleka. Na M-Pesa ilipoanza Machi 2007 haikumwambia mama mboga anunue simu nyingine. Ilikaa ndani ya laini, ikafanya kazi kwenye simu ya mulika mwizi. Kazi ya kuzoeana na simu ya mteja waliibeba wenye huduma, mama mboga hakubebeshwa.

Basi nilirudi Nairobi nikaiandika debe upya kwa Go. Sisemi Go ni dini. Nimeichagua kwa sababu kwenye laptopu moja naweza kutengeneza faili la mifumo mingine yote, bila kuwa na mashine zake. Kwa Windows ya biti 32 naandika hivi:

CGO_ENABLED=0 GOOS=windows GOARCH=386 go build

Nabadilisha maneno mawili, napata la Linux, nabadilisha tena, napata la Mac. Jumla nina mafaili saba: Windows mawili (biti 32 na 64), Linux matatu, na Mac mawili, maana tangu mwisho wa 2020 Apple ilipoleta chipu za M1 kuna Mac za aina mbili. Kila faili ni kama megabaiti 3, na yote saba yanakaa kwenye pembe ya flashi. Hakuna cha kusakinisha. Unanakili, unaendesha.

Haya ndiyo niliyojifunza, yachukueni bure:

1. Faili liwe limejitosheleza. Ukitengeneza programu ya C kwenye Ubuntu 22.04 ukampelekea mwenye Ubuntu 18.04, huenda ikakataa kwa sababu maktaba ya glibc kwake ni 2.27 na kwako ni 2.35. Tengeneza kwenye mfumo mkongwe kuliko yote unayotaka kuhudumia, au funga kila kitu ndani.

2. Jua sakafu yako. Go 1.20 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7. Kuanzia 1.21, ya Agosti 2023, ni Windows 10 kwenda juu. Mimi faili la Windows natengeneza kwa 1.20, na nimeandika hivyo wazi.

3. Kwa Windows tumia zip. Windows 7 haifungui tar.gz yenyewe. Na mistari ya faili la maelezo iishie kwa mtindo wa Windows, kwa sababu Notepad ya zamani huonyesha faili la Linux kama mstari mmoja mrefu kama reli. Microsoft walirekebisha hilo mwaka 2018 tu, na marekebisho hayo yalikuja kwa Windows 10.

4. Mtu atabofya mara mbili. Usimcheke. Programu ya mstari wa amri ikibofywa kwenye Windows, skrini nyeusi humulika na kutoweka. Debe sasa ikifunguliwa bila jina la faili inauliza, "Faili liko wapi?" na ikimaliza inasubiri ubonyeze Enter.

5. Toa alama ya uhakiki ya SHA-256 pamoja na kila faili. Flashi hupita mikono mingi na huokota virusi. Kwenye Windows 7 amri ya certutil inatosha kuhakiki, kwenye Linux kuna sha256sum, kwenye Mac kuna shasum. Alama uitume kwa njia nyingine, kwa mfano SMS, maana aliyebadilisha faili kwenye flashi anaweza kubadilisha na alama iliyo humo humo.

Najua mtakayosema. Wacha niwajibu kabisa.

Wa kwanza atasema: ukifunga kila kitu ndani, siku maktaba ikigunduliwa ina ufa wa usalama, faili lako linabaki na ufa. Ni kweli, na hilo ndilo jambo zito kuliko yote dhidi yangu. Debian na ndugu zake hutumia maktaba za pamoja kwa sababu hiyo hasa: rekebisha moja, programu zote zimepona. Na Go 1.20 ninayoitumia haipati viraka tena. Jibu langu: debe haigusi mtandao kabisa, inasoma faili na kuandika faili, kwa hiyo milango ya hatari ni michache. Ingekuwa programu ya kupokea pesa mtandaoni, nisingethubutu. Pima hatari ya programu yako, usikariri.

Wa pili atasema: Windows 7 ilikoma kuhudumiwa Januari 2020, wabadilishe mashine. Ndugu yangu, mwenye saiba angekuwa na pesa za kompyuta mpya unadhani angengoja ushauri wako? Kumwambia mtu abadilishe mashine ili ajumlishe michango ya chama ni kumfukuza kwa heshima.

Wa tatu, huyu ndiye anayeniudhi zaidi, atasema: weka kila kitu kwenye tovuti, mambo ya mafaili yameisha. Mmesahau Mei 2024? Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki nzima intaneti ikawa ya kobe. Siku ile faili lililo kwenye flashi lingejumlisha vile vile. Na Ogwedhi hatuhitaji waya ukatike baharini, bando likiisha inatosha.

Na wanaojivunia vifungashi vinavyokokota vitegemezi mia wakumbuke Machi 2016, mwandishi mmoja alipoondoa left-pad kwenye npm. Mistari 11 tu ya msimbo, na miradi dunia nzima ikashindwa kujengwa. Kila kitegemezi ni mtu usiyemjua unayemkabidhi ahadi uliyompa mwenzako.

Sisemi apt, Homebrew au winget ni vibaya. Navitumia kila siku, na kwa mwenye intaneti ya uhakika ni raha tupu. Nasema viwe mlango wa pili. Mlango wa kwanza uwe faili moja ambalo mtu anaweza kumpa mwenzake mkononi.

Nilirudi Ogwedhi na flashi. Mwalimu akaichomeka mwenyewe kwenye ile ile Windows 7, akabofya mara mbili, akaandika jina la faili. Salio za wanachama zikatoka kabla hajavua miwani. Aliziangalia kwa muda, kisha akachukua daftari akaanza kuhakiki moja moja kwa kalamu. Jina la tatu lilikuwa na tofauti ya shilingi 50. Kosa lilikuwa la daftari, lakini hakuniamini mpaka alipojumlisha mara tatu.

Jumapili iliyofuata alisimama akasoma hesabu zote, jina kwa jina. Yule aliyesema zimeliwa alikuwepo. Salio lake lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Kwa hiyo kabla hujatangaza toleo jipya la programu yako, izime intaneti, tafuta kompyuta mbovu kuliko zote mtaani kwako, na flashi moja. Ikishindwa kufanya kazi hapo, rudi ukafungashe upya.

Haya, nimemaliza. Mwenye hasira na aseme.