Mkimbiaji wa Peke Yake na Joto la Mvuke

Katika michezo inayowavuta vijana siku hizi, michache inataka subira kama mbio za milimani zipitazo marathoni. Marathoni ni kilomita 42 na kidogo. Mbio hizi hupita hapo na kufika hata kilomita 100 na zaidi, kwa kupanda na kushuka, mchana na usiku. Wapo wanaozikimbia pamoja na mamia ya wenzao, na wapo wanaotoka peke yao, bila ya mtu wa kuwapokea njiani. Sisi hatuukemei mchezo huu. Mwili wenye nguvu ni neema, na kijana anayeamka alfajiri kuuzoesha mwili wake taabu ni bora kuliko yule anayeuketisha barazani mpaka ukadorora. Lakini iko hatari moja ambayo vijana wengi hawaipimi ipasavyo, na wazazi wengi hawajapata kuisikia. Nayo ni kukimbia peke yako mlimani katika joto lenye unyevu.

Tuanze na jambo linalojulikana katika nyumba za Mwambao. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu hutoka jasho, na jasho lile likikauka huondoka na joto. Siku ya upepo mkavu maji yake huburudisha moyo. Siku ambayo hewa imejaa mvuke, mtungi hubaki umelowa nje na maji yaliyomo hayapoi vyema. Ndivyo ulivyo mwili wa mwanadamu. Katika nguvu anayoitumia mkimbiaji, kiasi cha robo tatu hugeuka kuwa joto, na joto hilo halina budi kutoka. Wengi wadhani kuwa kutoka jasho ndiko kupoa. Sivyo. Jasho hupoza linapokauka. Lita 1 ya jasho ikikaukia mwilini huondoa joto la kutosha kuchemsha karibu lita 8 za maji. Lakini likidondoka chini kabla ya kukauka, haliondoi ila maji na chumvi.

Wataalamu waliligundua jambo hili kwa gharama. Katika miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilitaabishwa na vijana walioanguka kwa joto katika kambi za mafunzo, hasa Parris Island, mahali penye joto na unyevu mwingi. Mwaka 1957 Yaglou na Minard walitangaza kipimo kipya, ambacho hata leo hutumika majeshini na michezoni. Katika sehemu 10 za kipimo hicho, sehemu 7 hutoka katika kipimajoto kilichovikwa kitambaa kilicholowa maji, ambacho huonyesha kama hewa yaweza kukausha jasho. Sehemu 2 hutoka katika tufe jeusi linalopokea ukali wa jua, na sehemu 1 tu hutoka katika kipimajoto cha kawaida. Basi anayetazama kipimajoto cha ukutani akasema, "Leo si kali," amesoma neno moja katika maneno kumi.

Mlima nao huzidisha. Katika tambarare mkimbiaji hujitengenezea upepo kwa mwendo wake. Akipanda, mapafu na miguu hufanya kazi kubwa kabisa, na mwendo wake huwa mdogo kabisa. Joto linazalishwa kwa wingi, na upepo wa kuliondoa haupo. Akiwa bondeni penye miti iliyosongamana, hata upepo wa mbinguni humkosa. Wala asidhani kuwa usiku ni kinga kamili. Jua limezama, kweli, lakini unyevu wa hewa aghalabu huzidi usiku, na nguo yake haikauki mpaka asubuhi.

Twapenda kutoa mfano wa Hong Kong, kwa kuwa huko mambo haya yote yamekutana mahali pamoja. Iko njia ya milimani iitwayo MacLehose Trail, iliyofunguliwa mwaka 1979, yenye urefu wa kilomita 100. Huanzia Pak Tam Chung upande wa mashariki na kuishia Tuen Mun upande wa magharibi, ikipita juu ya Tai Mo Shan, mlima mrefu kuliko yote ya huko, wenye mita 957. Mita hizo si nyingi kwa mtu aliyeizoea Kilimanjaro. Lakini njia hupanda na kushuka mara nyingi, hata jumla ya kupanda ikapita mita 4,000. Katika mwezi wa Julai joto la mchana hufika kiasi cha digrii 31, na unyevu wa hewa kwa wastani ni kama 80 kwa mia.

Mwaka 1981 askari wa Kigurkha wa jeshi la Uingereza walianzisha mazoezi ya kuipita njia hiyo yote. Watu hawa ni wana wa milima ya Nepal, mashuhuri duniani kwa ustahimilivu. Baadaye, mwaka 1986, raia nao walikaribishwa, na mashindano yale yakaenea katika nchi nyingine. Tazama yalivyopangwa: watu hutembea wanne wanne, na kundi hutakiwa kuanza pamoja na kumaliza pamoja. Tena mashindano ya Hong Kong hufanyika kwa kawaida mwezi wa Novemba, joto lilipopungua. Ikiwa mpango ulioanzishwa na mashujaa kama hao huwataka watu waandamane, tena katika majira ya ubaridi, kijana anayetaka kwenda peke yake mwezi wa Julai yampasa afikiri mara mbili.

Na sababu yenyewe ndiyo kiini cha maneno yetu. Mguu ukiumia, mtu hujua. Tumbo likichafuka, hujua. Lakini joto la mwili likipita digrii 40, kinachoanza kuharibika ni akili, na akili ndiyo iliyokuwa imwambie mwenyewe kwamba ameharibikiwa. Huanza kwa ukali usio na sababu, au kwa ukaidi, kisha miguu huyumba, maneno hukosa mpango, naye husema, "Mimi mzima, naendelea." Wala asitegemee dalili ya ngozi kavu, kwani mwenye kupigwa na joto kwa sababu ya kukimbia mara nyingi bado hutoka jasho. Akiwa na mwenziwe, mwenziwe humwona. Akiwa peke yake, hakimu na mshitakiwa ni mtu mmoja, na hakimu amelewa joto.

Maji nayo yana mizani yake. Kupungukiwa ni hatari, na kupita kiasi ni hatari. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wataalamu waliipima damu ya wakimbiaji 488 walipomaliza, wakakuta kuwa 13 katika kila 100 chumvi ya damu yao imeshuka chini ya kiwango, na sababu kubwa ilikuwa kunywa kupita haja hata uzito ukaongezeka njiani. Basi anywe kwa kiu yake, ale chakula chenye chumvi, wala asiyamimine maji tumboni kwa hofu.

Sasa, kwa kuwa akili yaweza kumhaini njiani, hapana budi maamuzi yafanywe nyumbani, kichwa kikiwa baridi. Kwanza, auzoeze mwili kwa siku 10 hadi 14 katika joto lile lile, kidogo kidogo. Mwili hujifunza kutoka jasho mapema na kuhifadhi chumvi. Pili, aandike mahali anapoweza kuiacha njia na kufikia barabara, na saa ambayo, akiwa hajafika mahali fulani, atarudi bila ya kujadiliana na nafsi yake. Tatu, karatasi hiyo aiache kwa mtu wa nyumbani, na mtu huyo apewe haki ya kusema "Simama," naye akaitii.

Mtu wa nyumbani naye ana kazi. Njia ya MacLehose ina nguzo zenye namba kila mita 500. Apige simu kwa saa walizoagana aulize, "Uko nguzo ya ngapi? Umekula nini?" Hayo ni maswali ya mtoto mdogo. Jibu likiwa la kuchanganyikiwa, asibishane naye. Amwamrishe akae kivulini, na papo hapo aite waokozi kwa namba ile ya nguzo. Na atakayemfikia kwanza, akimkuta amechanganyikiwa na mwili unawaka, ampoze kwanza ndipo amchukue hospitali. Kumzamisha katika maji baridi mpaka shingoni ndiyo dawa kubwa, maadamu kuna mtu wa kukiinua kichwa chake. Yasipopatikana ya kuzamisha, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa bila ya kukoma. Kila dakika ina thamani yake.

Enyi wazazi, msimkataze kijana mlima kwa sababu ya woga tu, wala msimwache aende kwa sababu ya kumwonea haya. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mwulizeni karatasi yake iko wapi. Nanyi vijana, jueni kuwa kurudi kutoka kilomita ya 60 si aibu. Mlima hauhami; utakuwapo Novemba. Mwili ni amana, na mwenye amana huiweka mahali ambapo mwingine aweza kuiangalia pale yeye atakapoghafilika.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, awarudishe majumbani kwao salama. Amin.