Mtoto wa Salama na Wamaya wa Mexico

Wapi na wapi? Hilo ndilo swali ambalo mzazi wa Salama, mji ule mdogo wa Makueni kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, angeuliza iwapo mwanawe angerejea kutoka shuleni na kusema kwamba siku hiyo wamefundishwa muziki, ngoma na utamaduni wa Wamaya wa kale. Mzazi huyo ana haki ya kuuliza. Vipindi ni vichache, vitabu havitoshi, na hata ngoma za Wakamba wenyewe zina watu wanaozihesabu kuwa upotezaji wa wakati. Hata hivyo, nashikilia kwamba somo hilo likifundishwa ipasavyo litamrudisha mtoto kwao badala ya kumpeleka mbali.

Tuanze jikoni. Mahindi ya muthokoi anaokula mtoto huyo asili yake si Ukambani. Yalianza kulimwa kusini mwa Mexico yapata miaka 9,000 iliyopita, na yalifika Afrika baada ya Wazungu kuvuka bahari ya Atlantiki. Mama wa Kikamba huyatwanga kinuni ili kuyaondoa maganda. Mama wa Kimaya huyachemsha katika maji ya chokaa kwa lengo lilo hilo, kisha huyasaga na kupika mikate myembamba. Kitabu cha Wamaya wa Guatemala kiitwacho Popol Vuh husimulia kwamba miungu walijaribu kumuumba binadamu kwa udongo, kisha kwa mti, wakashindwa. Walipotumia mahindi ndipo wakafaulu. Ni mtoto gani wa Ukambani, anayejua maana ya mvua kukosekana, asiyeweza kuielewa hadithi hiyo?

Tukigeukia muziki, tunakuta kwamba ala inayopendwa mno katika jimbo la Chiapas, kusini mwa Mexico, na katika nchi jirani ya Guatemala, ni marimba, yaani vipande vya mbao vinavyopangwa na kugongwa kwa vijiti. Jina hilo ni la Kibantu. Ujuzi wa ala hiyo ulivushwa bahari na Waafrika waliouzwa utumwani, nao Wamaya wakaipokea wakaifanya yao. Kwa hivyo mwalimu hana haja ya kuivusha bahari ili mtoto aielewe. Jina lake limo katika kamusi yetu ya Kiswahili.

Hata mwalimu wa hisabati ana fungu lake. Wamaya walihesabu kwa makumi mawili mawili, na walikuwa na alama ya sifuri karne nyingi kabla ya Wazungu kuwafikia. Piramidi yao ya Chichén Itzá ina pande nne, na kila upande una ngazi 91. Mwanafunzi na azidishe, kisha aongeze ngazi moja ya juu. Atapata 365, idadi ya siku za mwaka.

Lakini fundisho kubwa kuliko yote ni la huzuni. Mnamo mwaka wa 1562, katika mji wa Maní, mtawa wa Kihispania Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto kwa madai kwamba vilikuwa vya shetani. Leo vimesalia vinne tu duniani. Wamaya wenyewe hawakwisha. Wangali hai kwa mamilioni, na wangali wanasema lugha zao. Ila mengi ambayo mababu zao waliyaandika hayatajulikana kamwe.

Sisi hatuna haja ya moto. Vitabu vyetu ni wazee wetu, nao wanafariki mmoja baada ya mwingine bila kusomwa. Chukua ngoma ya kilumi, ambayo akina mama wazee wa Kikamba waliicheza kuomba mvua na kuwatuliza pepo. Wapo waumini wanaoiogopa, na sidharau imani yao. Lakini kujua si kuabudu. Mkristo anayesoma habari za miungu wa Wamaya hawi Mmaya, na mtoto anayeelezwa sababu ya bibi yake kupiga ngoma hatolewi kanisani.

Kosa letu jingine ni kuufanya utamaduni kuwa kikombe cha kushindaniwa. Tangu mwaka wa 1927 Kenya imekuwa na tamasha la muziki, na limefanya mema mengi. Lakini aghalabu mwanafunzi hufunzwa miguu pasipo kufunzwa maana. Huvishwa mavazi, hupewa filimbi, huruka sarakasi zilizowapatia Wakamba sifa, kisha mashindano yakiisha mavazi hurudishwa sandukuni. Ukimwuliza ngoma ile ilichezwa lini, na nani, na kwa nini, hana jibu.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka wa 2017, umeipa sanaa nafasi na kuwataka wazazi washiriki katika elimu ya watoto wao. Walimu, tumieni mlango huo. Mwalikeni bibi mmoja mpiga ngoma aketi mbele ya darasa. Wanafunzi na waandike maneno yake kwa Kikamba, kisha wayafasiri kwa Kiswahili, na daftari hizo zitunzwe maktabani. Wiki inayofuata wafundisheni habari za Wamaya na moto wa Maní. Hapo hamtahitaji kuwaeleza kwa nini daftari zile zina thamani. Watoto wenyewe watawaeleza.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Tusiwatupie watoto wetu lawama hiyo. Hawajaziacha mila zao; hawajakabidhiwa.